Mtungi wa Naitrojeni kwenye Kiti cha Nyuma

Barafu ilikuwa imeota shingoni mwa mtungi, na Warigia aliiona. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye majirani wa Komarock walimtetea kwamba hakujua. Majirani wana roho safi, lakini hawakuwa jikoni asubuhi ile. Aliigusa kwa ncha ya kidole, ikamng'ata, akajua vizuri maana yake. Mtungi mzima wa naitrojeni huwa mkavu kwa nje kama sufuria iliyo kabatini. Ukiota barafu, ujue ukuta wake umepata ufa, joto linapenya, na ile naitrojeni baridi iliyomo inachemka na kugeuka hewa.

"Huu mtungi umegongwa," alimwambia kaka yake.

"Nilianguka na nduthi pale Joska wiki jana," Mureithi akasema, akichovya mkate kwenye chai. "Matope. Lakini mimi niko sawa, asante kwa kuuliza."

Warigia akacheka, akamwomba msamaha, kisha akaurudia mtungi.

Mureithi alikuwa mpandishaji wa ng'ombe. Alizunguka na pikipiki Ruai, Kamulu na Joska, mtungi umefungwa nyuma kwa mipira, ndani yake mbegu za fahali zimeganda kwenye mirija myembamba. Wafugaji walimwita daktari, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Yeye ndiye aliyemlipia mdogo wake karo mpaka akafika alipofika, na kila mara Warigia alipoanza kumshukuru alimkatiza kwa mzaha. Sasa Warigia alikuwa anamalizia shahada ya uzamifu katika kemia, na kazi yake ya miaka yote hiyo ilikuwa imo ndani ya mtungi huohuo, kwenye kichupa kimoja kilichoning'inizwa kwa uzi katikati ya mbegu za fahali.

Kichupani mlikuwa na fuwele za rangi ya malimau, ndogo kama chembe za sukari. Alizitengeneza kwa dysprosiamu, metali isiyojulikana na watu wengi, akaizungushia kaboni pande mbili ili atomu yake moja ibanwe katikati. Kila molekuli ya fuwele hizo ilikuwa sumaku peke yake. Sumaku ya kawaida ni umati wa atomu zinazoshikiliana. Hii haikuhitaji jirani. Uielekeze juu, uipoze vya kutosha, na itabaki inaelekea juu, inakumbuka. Ikipata joto inapinduka na kusahau. Zipo molekuli kama hizo duniani, na nyingi husahau mapema mno. Warigia aliamini kwamba yake ingekumbuka kwenye baridi ya naitrojeni ya kawaida, ile ya bei rahisi, ile inayobebwa nyuma ya pikipiki kwenda kupandisha ng'ombe.

Kuamini ni jambo moja. Kuthibitisha kulihitaji vipimo, na vipimo vilikuwa vimemzungusha vya kutosha. Kwanza aliiweka kwenye mashine inayopiga molekuli kwa mawimbi ya redio katikati ya sumaku kubwa na kusikiliza zinayameza yapi. Mashine haikusikia kitu. Wenzake walimpa pole, ilhali yeye alirudi nyumbani anaimba, kwa kuwa molekuli iliyokaza uelekeo wake sawasawa ndivyo inavyofanya: haijibu. Kisha akaipima kwa miale ya joto isiyoonekana kwa macho, akapata mistari michache yenye ukungu. Kilichobaki ni kipimo cha leza. Unaimulika molekuli kwa mwanga wa buluu, nayo inatoa mwanga wake wa manjano. Ukiupasua mwanga huo rangi kwa rangi unapata ngazi nzima ya nishati, kipago kwa kipago. Kipago cha kwanza kikiwa juu, ukuta unaoizuia molekuli isipinduke ni mrefu. Kikiwa chini, umepoteza ujana wako bure.

Leza ya namna hiyo ilikuwa imeletwa na wageni kwenye taasisi moja ya utafiti upande wa Mombasa Road, na jioni ya siku hiyo ingefungwa kwenye masanduku irudi kwao. Friji ya chuoni ilikuwa imekufa pamoja na umeme, na fuwele zote za awali zikawa unga. Zilizobaki ni hizi tu, ambazo zikipata joto la chumba zinavunjika. Basi unaweza kuelewa ni kwa nini mwanamke mwenye akili zake aliona barafu shingoni mwa mtungi na wazo la kwanza likawa: jaza mpaka pomoni, itatosha kufika.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri na pikipiki ilikuwa gereji. Jirani yao Githinji aliahidi kuwaazima gari lake akishawapeleka watoto shule. Warigia akaamua kutangulia, akaiandae mashine, Mureithi aje na mtungi.

"Usiuinamishe," alimwagiza mlangoni. "Na mfuniko usiubane, hewa yake lazima itoke."

"Wari, hii kitu nimebeba kabla hujaingia form one."

Na kweli alikuwa ameibeba. Ila aliibeba siku zote nyuma ya pikipiki, upepo wa Kangundo Road ukichukua kila kilichotoka mtungini na kukitupa huko mashambani. Hakuwahi kuwa na sababu ya kuuogopa ule moshi mweupe. Warigia ndiye aliyekuwa na sababu. Alifundishwa, akafanya mtihani, akatia sahihi. Lakini hatari ile aliijua akiwa maabara tu, na akitoka maabara aliiacha ndani pamoja na koti jeupe. Watu wengi waliosoma wako hivyo, na mimi sina huruma nao sana.

Kwenye maabara ya leza alimkuta Nabiswa, fundi wa vipimo, amepiga magoti anarekebisha vioo. Nabiswa alikuwa mtu wa maneno machache na taratibu nyingi. Warigia akavaa miwani ya kujikinga, akaweka simu mezani, akampigia kaka yake na kuweka sauti ya nje ili mikono ibaki huru.

"Uko wapi?"

"Nimeshika Outering. Jam ni mbaya, maji yamejaa barabarani."

"Na mtungi?"

"Umekaa kiti cha nyuma kama mkubwa. Nimeufunga mkanda. Unatoa moshi, lakini umetulia."

"Moshi ni kawaida," Warigia alisema, na moyo wake ukafurahi. Moshi ulimaanisha bado imo.

"Nimefungua dirisha kidogo. Kioo kinajaa ukungu, sioni mbele."

"Umefika wapi hasa?"

"Nakaribia Pipeline."

Mwezi uliopita, kwenye foleni hiyohiyo, mkono ulikuwa umeingia dirishani mwa teksi na kuondoka na simu ya Warigia, picha za vipimo vyake zikiwemo. Aliililia simu ile mwezi mzima. Hakuna mtu wa Eastlands asiyeijua foleni ile, na hakuna asiyejua la kufanya akiikaribia.

"Funga madirisha," alisema. "Yote. Simu yako si umeibandika hapo mbele waione? Hapo wananyakua, Mureithi. Lock milango pia. Ukungu washia kiyoyozi, uzungushe hewa ya ndani."

"Sawa, madam."

Alisikia vioo vikipanda. Alisikia na milango ikijifunga. Kelele za barabara zikapungua, mvua ikawa mbali, na sauti ya kaka yake ikaja karibu na safi, kana kwamba amekaa naye chumbani. Warigia aliona ni afadhali hivyo. Akarudi kwenye vioo vyake.

Walifanya kazi, na Mureithi aliwapigia soga. Aliwasimulia habari za mama mmoja wa Kamulu aliyetaka ndama jike tu, na akazaliwa dume, akarudisha lawama kwa Mureithi kana kwamba yeye ndiye fahali. Nabiswa mwenyewe alitabasamu. Doa la buluu likakaa mahali pake kwenye kishikilio kitupu. Warigia alikiwazia kipago cha kwanza, akakiona juu kabisa, akajiona anasimama mbele ya watu na kuwaonyesha.

"Kuna mama mmoja wa Kamulu," Mureithi akasema, "alitaka ndama jike."

"Umeshatuambia hiyo."

"Nimewaambia?" Akacheka, cheko refu kuliko kilichomchekesha. "Nimechoka ghafla, Wari. Lakini vizuri. Ni kama ule usingizi wa Krismasi, mtu ameshiba."

"Usilale, magari yatakuacha."

"Silali." Akapiga mwayo. "Huku chini kwa miguu kumekuwa baridi. Kuzuri tu."

Warigia alikuwa anakaza skrubu. Alisikia maneno hayo kama mtu anavyosikia redio ya jirani, na hili ndilo lililomtesa kuliko ile barafu: kwamba aliambiwa kila kitu, kwa mpangilio, na mtu aliyempenda, na yeye akakaza skrubu.

Nabiswa alisimama, akabandika kifaa chake cha kengele ya hewa kwenye mfuko wa shati, akaenda kufungua madirisha. Yote mawili, mpaka mwisho. Mvua ikaingia na kulowesha ukingo wa meza.

"Unafanya nini?" Warigia akamuuliza. "Maji yataingia kwenye vioo."

"Nataka kuipoza mashine," Nabiswa akasema, na kuuinua mtungi wa maabara. "Siwezi kumimina naitrojeni kwenye chumba kilichofungwa. Wewe unanijua."

Bisibisi ilimtoka Warigia mkononi.

Lita moja ya naitrojeni ikigeuka hewa inajaza mapipa zaidi ya matatu. Haina harufu wala haikabi koo. Inaisukuma ile hewa ya kuvuta na kukaa mahali pake, na mwili haulalamiki, unaona tu usingizi mtamu. Warigia aliyajua haya kama anavyolijua jina la mama yake, na yakamjia yote kwa pamoja, pamoja na sauti ya vioo vikipanda.

"Mureithi, fungua dirisha."

Simu ilitoa mkoromo.

"Mureithi. Fungua dirisha. Fungua mlango, toka nje, achana na mtungi. Kaka, nisikie."

Mkoromo tena, mrefu, halafu kitambo bila kitu, halafu mwingine mfupi zaidi. Nyuma yake honi zilianza, moja, kisha nyingi, za watu ambao gari la mbele limekataa kusonga. Nabiswa alikuwa ameshashika simu yake anawapigia polisi, na polisi walikuwa hawapokei. Warigia aliegemea meza. Kutoka hapo mpaka Pipeline hakuwa na mkono mrefu kiasi hicho, wala hakuwa na mtu. Alijikuta anamwomba Mungu amlete mnyakuzi. Yeyote, mwenye jiwe, mwenye tamaa, aje aione ile simu na kuivunjia kioo.

Kisha kitu kikagonga kioo, ngo ngo ngo.

"Buda. Songa, unablock watu." Ilikuwa sauti nzito ya mwanamume, imefifia kwa kupitia kioo. "Buda? Boss, uko poa?"

"Wewe hapo nje," Warigia akapaza sauti. "Unanisikia?"

"Nani huyo?"

"Mimi niko kwa simu, ile ya hapo mbele. Ni dada yake. Hewa imeisha ndani ya gari, anakufa. Fungua mlango."

Alisikia vitasa vikivutwa, kimoja baada ya kingine.

"Zimelokiwa zote, madam."

"Vunja kioo."

"Ai, zii." Mtu yule alisita. "Mimi nauza waipa hapa kwa jam. Nikivunja dirisha ya mwenyewe hapa Pipeline, unajua nitaitwa nini."

"Nitawaambia ni mimi niliyekutuma. Sitakata simu. Nakuapia kwa Mungu, nitawaambia. Vunja, tafadhali, baba. Ni kaka yangu wa pekee."

Mvua tu. Nabiswa alikuwa amesimama katikati ya chumba na mtungi mkononi, ameusahau.

"Haya," ile sauti ikasema. "Wacha nitafute jiwe."

Jiwe la kwanza halikufanya kitu. La pili likaleta kishindo na mvua ya vioo, na mara kelele zote za barabara zikamwagika ndani ya maabara: honi, injini, maji, makanga wakiita abiria. Mlango ukafunguka, na mwingine. "Mzee, amka. Amka, mzee, vuta hewa." Kofi, tena kofi. Halafu Warigia akasikia kikohozi. Alikitambua. Alikuwa amekisikia maisha yake yote upande wa pili wa ukuta, na hakuna mstari wa mwanga wowote duniani ambao angeupokea badala yake. Alikaa chini sakafuni, akalia waziwazi, simu imebanwa kifuani.

Kilio chake ndicho kilichomchelewesha kusikia.

Alikuwa mwanamke, mbali kidogo, pengine ndani ya basi. "Mwizi. Anavunja gari, yule pale. Mwizi." Neno likaokotwa na mtu wa karibu, akalipokeza kwa mwingine, mpaka likawa linatoka kila upande. Nyayo kwenye maji.

"Si hivyo," yule muuza waipa alikuwa akisema. "Ngojeni. Huyu jamaa amezima. Kuna madam kwa simu, muulizeni. Madam, waambie. Madam."

"Si mwizi," Warigia akasema. "Ni mimi nimemtuma. Mnanisikia? Ni mimi."

Kitu kiliigonga simu ya kule ikaanguka, pengine chini ya kiti. Sauti zikawa nzito, za chini ya blanketi. Alipiga kelele mpaka koo likachubuka. Aliwaambia jina lake, jina la kaka yake, akawaambia habari za hewa. Nani angesikia simu iliyo chini ya kiti, kwenye mvua ile, na watu wameshaanza? Alisikia mapigo. Hayakuwa na haraka. Yule mtu alimwita mara chache zaidi, madam, madam, kisha akaacha kumwita.

Nabiswa ndiye aliyemsimamisha na kumtoa nje. Boda ilipita pembeni mwa foleni, juu ya vijia vya miguu, ndani ya madimbwi. Warigia hakukata simu. Aliishika sikioni njia nzima, chini ya kofia ya koti la mvua, na alichosikia ni maji tu, na watu wanaozungumza kwa sauti za kawaida, za watu waliomaliza kazi.

Mureithi alikuwa amekalishwa ukingoni mwa barabara, mwavuli wa muuza matunda umeshikiliwa juu ya kichwa chake. Alikuwa ametapika. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu, lakini alikuwa anapumua, na alipomwona mdogo wake alijaribu kutabasamu.

"Wari," akasema. "Kuna mtu alikuwa ananiita mzee, mzee, amka. Yuko wapi?"

Warigia alimshika uso kwa mikono miwili. Mtungi ulikuwa bado umekaa kwenye kiti cha nyuma, mkanda umefungwa, hautoi moshi tena, na macho yake yakaupita kama kitu cha mtu mwingine. Nyuma ya gari watu walikuwa wamesimama nusu duara. Miguu miwili ilionekana kati yao, kiatu kimoja hakipo. Sehemu ya juu ilikuwa imefunikwa kwa zile pazia za jua za vioo vya magari, za kung'aa, ambazo mtu huziuza pamoja na waipa. Maji ya mvua yalikuwa yanatuama juu yake na hakuna kilichoyatikisa.

Mwanamume wa makamo, nadhifu, mkoba wa kazini begani, alimjia Warigia. Alikuwa anahema kidogo. Uso wake ulikuwa wa mtu mwema.

"Wewe ndiye dada yake? Pole sana. Shukuru Mungu tulikuwa karibu." Akatoa mkono, akamnyooshea simu ya Mureithi, kioo chake kimepasuka lakini kinawaka. "Tumeiokota chini ya kiti. Angalia vizuri, hakuna kitu kimepotea."

Warigia alikuwa bado na simu yake sikioni.

"Si mwizi," alisema. "Mimi ndiye nilimwambia avunje."

Na maneno hayo, baada ya kitambo kidogo, yakatoka pia kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa yule mwanamume.